Jamani, Lile Kalavati Sikulikalia

Najua picha imeshawafikia. Ile ya mimi juu ya zege pembeni ya reli, simu mkononi, natazama mbali kama chifu anayesubiri kodi, na chini yake mtani wangu kaandika: "Mtaalamu wa ramani akitafuta kalavati alilolikalia." Imefika mpaka kwa shangazi yangu Kizota, ambaye hata kalavati (ule mfereji wa zege wa kupitisha maji chini ya reli) halijui, lakini kacheka mpaka kanipigia simu.

Kwanza, sikulikalia. Niliegemea tu, nafunga kamba za kiatu.

Kazi ilikuwa ya Injinia, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Kanipa faili la makalavati ya reli ya zamani, ile ya Mjerumani, niyaweke kwenye ramani ya simu, kisha nimpeleke akayaone kabla mvua hazijaanza. Reli yenyewe mnaijua: ilianza Dar 1905, ikafika Kigoma 1914, na kilomita zake zinahesabiwa kutoka Dar. Kwenye faili kila kalavati lina kilomita, halafu alama ya kujumlisha, halafu tarakimu. Nikaiambia kompyuta: kila alama ya kujumlisha igeuze iwe nukta. Nikaenda kulala.

Kalavati la kwanza, +640. Tukalikuta. La pili, +310. Lipo palepale. Injinia akaniita "kijana wangu". Wenye mabosi wa namna hii mnajua hilo neno lina uzito gani.

La tatu, +85. Kilomita yenyewe siitaji, msije mkaenda kupiga selfie. Ni huko upande wa Kikombo.

Dereva katushusha kwenye nguzo ya kilomita, jua la saa saba. Nikatangaza: "Tunatembea mita mia nane hamsini, Injinia." Hatujaenda mbali kamba ya kiatu ikafunguka. Pembeni pana ukingo wa zege, nikauegemea. Wakati nafunga, mbuzi wawili wakatokea chini yangu. Chini yangu, jamani! Nikawafukuza. Mbuzi wametoka wapi, mimi sina habari. Mtani akapiga picha, nikamwambia asubiri niweke kofia vizuri.

Tukatembea. Simu ikatetema: umefika. Nami, kabla sijatazama, nikanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya ofisini, "Injinia, kalavati letu hili hapa."

Mkono ukabaki hewani. Chini ya tuta pako sawa kabisa. Mabua ya mtama. Mbuyu. Mzee kakaa kivulini na mswaki mdomoni. Korongo hakuna, zege hakuna, hata dalili ya maji hakuna. Injinia akatazama mabua, akanitazama mimi, akatazama mabua tena. Hapo mtu mwenye akili angesema ngoja nihakiki. Mimi nikasema, "Litakuwa limefukiwa na mchanga."

Sijui yalitoka wapi hayo maneno. Injinia akaniamini! Akamwomba mzee jembe. Na nani mwingine wa kulishika? Nikaanza kuchimba kando ya shamba, shati la kitenge nililovaa kwa ajili ya picha za ripoti limeloa mgongo mzima, mtani kanishikia simu huku mabega yanamtikisika. Shimo likafika gotini. Mzee akanyanyuka taratibu, akaja mpaka ukingoni.

"Mbukwa," akasema.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unachimba kisima, mjukuu wangu?"

Kumbe zamani alikuwa mnyapara wa genge la reli. Injinia akampa karatasi. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akarudia. "Hii ni mita themanini na tano. Aliyeandika kaacha sifuri mbele. Pale lipo kalavati, mbuzi wangu wanalala humo."

Kimya. Halafu mtani, bila haraka, akafungua picha, akaikuza kwa vidole viwili, akamwonyesha Injinia.

Kabla hamjaendelea kunicheka: baada ya alama ile ni mita, na mita zinatakiwa tarakimu tatu. +640 ukiweka nukta unapata jibu sahihi, ndiyo maana nililala usingizi. +85 ukiweka nukta umeruka mita 765. Ramani huria ya OpenStreetMap ina sehemu mbili, moja ya kilomita kama inavyosomeka kwenye nguzo, desimali moja, na nyingine ya kamili, desimali tatu. Wangenipa hiyo ya desimali tatu leo tungekuwa tunaongea mengine. Na Uingereza je? Kule reli hupimwa kwa maili na minyororo, maili moja ina minyororo 80. Ukikuta 24.40 ni maili ishirini na nne na nusu. Nani kati yenu angepatia?

Basi. Nikafukia shimo, tukarudi, Injinia akapima kalavati lake, mzee akalipwa ya jembe, kuku tuliyeahidiwa njiani hatukumla. Njia nzima Injinia kaniita "wewe".

Faili halijaisha. Linalofuata limeandikwa +7, na sijui ni mita saba au mia saba. Mtani kashauliza kwenye grupu kama nabeba mto wa kukalia. Namba ya yule mzee ninayo, nampigia asubuhi.