Falsafa tuilete nyumbani, bwawa la kuogelea libaki huku

Mtu wa nyumbani Tanzania akiangalia transkripti yangu ya shahada ya uhasibu, macho hayaishii kwenye GPA. Yanasimama kwenye kozi mbili za falsafa, yanashuka kwenye kozi za Biblia, kisha yanagota kwenye kuogelea, tena kuogelea kwenyewe kuna alama. Swali linalofuata huwa moja: hicho chuo kina ithibati kweli? Kinayo. Ni chuo cha Kikristo hapa Marekani, na kwa vyuo vya aina hiyo mambo haya si kioja. Georgetown ya Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza apite kwenye falsafa na theolojia, hata kama amekuja kusomea siasa. Oral Roberts, iliyoanzishwa Tulsa mwaka 1963, inajinadi kwamba inalea roho, akili na mwili kwa pamoja. Mwaka 2016 iliingia kwenye habari kwa kuwataka wanafunzi wapya wavae Fitbit, kifaa cha mkononi cha kuhesabu hatua, hatua zao zihesabiwe na kuchangia alama za darasani.

Kwetu Tanzania mtu anachagua njia mapema mno. Ukiingia kidato cha tano umeshajifunga kwenye mchepuo wa masomo matatu, kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), HGL au ECA, na ukifika chuo miaka mitatu yote ni fani yako, pamoja na kozi chache za lazima kama DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano. Huku shahada ni miaka minne, krediti 120 hivi, na sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo unasoma vitu ambavyo hukuviomba. Nyumbani wanaita kupoteza muda. Kwa upande wa falsafa, nawakatalia.

Falsafa siyo ngeni kwetu. Aliyesoma GS, yaani General Studies, kidato cha tano na sita anaikumbuka: ilikuwa kwenye mada, karibu kabisa na dini. Tuliimeza. Maana yake, matawi yake, Socrates, Plato, Aristotle, kisha tukaitapika kwenye karatasi ya NECTA, mtihani wa taifa, na hatukuigusa tena. Mpaka leo naweza kukutajia matawi hayo bila kupumua, na hayajawahi kunisaidia kufikiri lolote.

Huku tulikuwa darasa dogo, viti vimepangwa duara. Mwalimu wetu, mzee aliyefungua kila kipindi kwa sala, aliandika ubaoni swali la Plato, ila akaliweka kwa Mungu mmoja: jambo ni jema kwa sababu Mungu analipenda, au Mungu analipenda kwa sababu ni jema? Sisi tuliotoka Afrika tulikuwa na kalamu mkononi, tunangoja jibu tulinakili. Halikuja. Badala yake akatoa kazi: chagua upande, utetee kwa kurasa tatu, halafu andika pingamizi kali kuliko yote dhidi yako mwenyewe. Pingamizi likiwa legelege, unakatwa alama. Nani kwetu amewahi kukatwa alama kwa kushindwa kujipinga?

Nafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu sasa, na zoezi lile ndilo nalirudia kila siku. Mkurugenzi anakuambia mauzo yamepanda. Kazi yako ni kutafuta sababu nzito kuliko zote ya kutomwamini, kisha uone kama ushahidi wake unaizidi. Kozi za uhasibu zilinifundisha ankara ikae wapi. Hazikunifundisha kuitilia shaka.

Najua wapo wachungaji wanaoonya kwamba falsafa inaua imani. Basi wamsome Augustino, aliyekuwa kwenye silabasi yetu. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, kwenye Algeria ya leo, Mwafrika mwenzetu, akafa akiwa askofu, na kule Mwanza kuna chuo kikuu kinachobeba jina lake. Huyo alihangaika miaka na miaka na swali la uovu unatoka wapi, na hakulikimbia.

Sasa mazoezi ya viungo. Hapa Wamarekani wananipoteza. Kozi ya kwanza ilikuwa na maana kidogo: unashika kifundo cha mkono, unahesabu mapigo sekunde 15, unazidisha mara nne, unaandika, baada ya wiki kadhaa za kukimbia unaona namba inashuka. Sawa. Lakini kuogelea! Kijana mwenzangu alishika ukingo wa bwawa semista nzima, akatoka na alama nzuri kwa mahudhurio. Na krediti ile inalipiwa bei ile ile ya krediti ya kodi au ukaguzi. Faida pekee niliyoiona ni kwamba mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, lazima abebe angalau krediti 12 kwa semista, na bwawa linasaidia kujaza pengo bila kukuumiza kichwa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yafaa kidogo. Mimi ningempa hicho kidogo: semista moja, bila maksi, bila ada.

Siyo kwamba nyumbani tuko vizuri. Shule ya msingi kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba, ila mtihani ukikaribia kinamezwa na Hisabati. Tulikuwa na mchakamchaka wa alfajiri, ndiyo, kisha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikachukua wenye vipaji na sisi wengine tukabaki kupiga makofi. Chuoni ndiyo basi kabisa; ni boom (pesa ya mkopo), vimbweta vya kusomea na hofu ya sapu, mtihani wa kurudia. Kisha ofisi, kisha presha. Lakini dawa ya hilo haiko kwenye kumfundisha mtu wa miaka 21 kupiga mbizi kwa ada ya mzazi. Iko kwenye kile kipindi kilichoporwa darasa la tano.

Kwa hiyo vyuo vyetu vya makanisa, kama vinataka kuiga kitu, viige ile kazi ya kurasa tatu. Ila pale ndipo pagumu. Mwalimu wetu alisoma insha zote mwenyewe na kuandika pembeni kwa wino. Ukiweka wanafunzi mia nne kwenye ukumbi mmoja, mhadhiri mmoja, mtihani wa kuchagua A mpaka D, utakuwa umeleta GS nyingine, na hiyo tumeshaipitia. Kabla ya kuandika kozi mpya kwenye prospekta, chuo kihesabu kwanza kina watu wangapi wa kuzisoma hizo insha.