Redio koli Pemba: wati, antena au kilima?

Ukitoka Chake Chake na gari mbili kwenda kulala Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, mbali na umeme, hukosi suali: redio koli ya nini na simu tunazo?

Suali si la kupuuzwa. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, si jangwa. Ukikwama utatembea utafika kijijini. Tena simu humpata fundi aliyeko Wete, jambo ambalo redio ya gari hailiwezi. Lakini mnara wa simu nao hula umeme. Waya wa baharini wa Unguja ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa hicho cha Unguja kilikaa gizani karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010, na kila mwenye jenereta akawa anahesabu lita. Isitoshe, simu unampigia mtu mmoja. Redio husikika gari zote kwa mara moja: "Simameni, daraja limebomoka kulia."

Penye kupotezea pesa hasa ni dukani. Boksi la walkitoki, yaani redio koli ya mkononi, limeandikwa kilomita 30, mnunuzi anatabasamu. Mawimbi ya VHF (marefu kidogo) na UHF (mafupi zaidi), ambayo redio hizi hutumia, hukaribia kwenda mstari ulionyooka, na dunia ina mgongo: wawili waliosimama ufukweni, redio mdomoni, watarajie kilomita 10 hivi, na hapo ni bahari tupu baina yao. Ndani ya msitu wa Ngezi, au kwenye mabonde ya mikarafuu, hesabu hiyo hukatika vibaya.

Wengine hukimbilia wati: badala ya 5, nunua 50. Sikatai, wati husaidia sauti ipenye majani na ifike safi. Ila haziondoi kilima. Mpandishe kijana juu ya kilima cha mita 80 na walkitoki yake ile ile ya wati 5, upeo unapita kilomita 40. Na kilima ni bure.

Baina ya VHF na UHF naegemea VHF, ingawa si kwa moyo mmoja. Hujipinda zaidi kidogo nyuma ya vilima na majani hayainywi sana. Bei yake ni antena: robo ya urefu wa wimbi, kipimo cha kawaida cha antena, ni kama nusu mita, nayo hupigwa na kila tawi la mwembe, ilhali ya UHF haifiki shibiri. Kwa kazi za Mji Mkongwe, baina ya kuta, ningechukua UHF bila kusita.

Walkitoki ndani ya gari imefungiwa kwenye sanduku la bati. Ndiyo maana antena ya paa, hata ya sumaku, naiona ina thamani kuliko wati 20 za ziada. Gari mbili zinazoonana zibaki na simu. Zikiwa nne, ya mbele na ya nyuma zifungwe redio za kudumu, na walkitoki wapewe wanaoshuka kukagua njia.

Masafa (frikwensi) ya redio za nchi kavu huombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na watetezi wa simu wana haki ya kuutaja usumbufu huo. Wengi, ili kuukwepa, huazima redio ya baharini ya jamaa mvuvi. Chaneli 16, megahezi 156.8, ni ya wito na dharura za baharini. Ukiishika barabarani kuuliza nani kabeba ndizi, unamziba mdomo mwenye chombo kinachoingia maji Mkondo wa Pemba.