Haki zimo kwenye Katiba, nani wa kuzidai?

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa Majengo, hapa Dodoma, mzee mmoja alitoa nakala ya Katiba ya 1977, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi, akasoma ibara ya 13: “Watu wote ni sawa mbele ya sheria.” Akatuuliza, “Mnataka Katiba mpya ya nini tena?”

Hoja yake ina uzito. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilitumia Katiba hii hii kutambua haki ya mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Tena tunakumbuka Bunge Maalum la Katiba la 2014: ubishi wa Muungano kuwa na serikali mbili au tatu, UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka, na kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Anayeogopa kurudi kule simlaumu.

Ila wanaodai Katiba mpya wanasingiziwa wanapoambiwa wanatafuta vyeo tu. Sehemu ya haki iliingia kwenye Katiba mwaka 1984, na sheria ya mpito ikazuia watu kuzidai mahakamani kwa miaka 3. Mpaka Machi 1988 haki ilikuwa ya kusoma tu. Kilichoizuia ni sheria ya kawaida ya Bunge, na hapo ndipo penye shida mpaka leo.

Chukueni kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Mwaka 2016 alipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama, kuolewa. Akashinda, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Yeye mwenyewe hakuwa binti wa miaka 14, aliwasemea. Mwaka uliofuata sheria ya kudai haki mahakamani ikarekebishwa: anayedai haki akatakiwa aape jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi. Kwa sharti hilo, binti wa Mpwapwa anayetolewa darasani aolewe, ndiye apande basi hadi Mahakama Kuu na kiapo mkononi? Nani atamlipia hata nauli?

Nilimweleza mzee haya. Akafungua ibara ya 26, ile ya haki ya kuilinda Katiba kwa njia ya sheria, akafuata mstari kwa kidole: “Kila mtu ana haki, kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria…” Kidole kikabaki pale kwenye “utaratibu”, kahawa yake ikapoa.