Mkazi wa Mwanza, Serengeti Yako Inaanzia Ndabaka

Kuna tangazo la safari linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza: siku nne, hifadhi nne. Unapanda ndege hadi Arusha, unapelekwa Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha unarudishwa Arusha kupanda ndege tena. Linauma kulisoma, kwa sababu wanaoombwa pesa hizo wanakaa Igoma, Kisesa na Magu, na kutoka mjini hadi Ndabaka, geti la magharibi la Serengeti, ni lami tupu, kilomita zisizozidi 140. Mabasi ya Musoma yanapita jirani na geti hilo kila siku.

Safari ya hifadhi kadhaa kwa mtu wa Kanda ya Ziwa inatakiwa ianzie nyumbani na kuishia Arusha. Ndabaka, Seronera katikati ya Serengeti, Naabi ambalo ni geti la kutokea upande wa Ngorongoro, Ngorongoro yenyewe, Karatu, kisha Arusha. Njia moja, hakuna kurudia vumbi lile lile. Kutoka Ndabaka hadi Seronera ni karibu kilomita 145 za barabara ya udongo, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa. Usizihesabu kuwa saa tatu. Njiani kuna mito ya Mbalageti na Grumeti, kuna mamba wakubwa, kuna mbega weusi kwa weupe kwenye miti ya kando ya mto, na kati ya mwisho wa Mei na Julai makundi ya nyumbu hupita huku magharibi kabla ya kuelekea kaskazini. Wanaotoka Arusha kwa safari fupi hugeuzia Seronera, ukanda huu hawaugusi kabisa.

Sasa lije suala linaloharibu safari nyingi kuliko yote, nalo ni saa. Kibali cha Serengeti huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia. Saa uliyoingia ndiyo saa ya kutoka. Watu huambiwa waondoke Mwanza saa kumi usiku ili "wawahi", wanaingia saa 1 asubuhi, wanalala usiku mmoja, na kesho yake kunapopambazuka, wakati simba bado wako wazi barabarani, wao tayari wanafukuzana na geti. Ukipitiliza, unalipishwa siku nyingine, tena kila mtu aliyemo garini. Kuna wengine wanaoondoka saa 4 asubuhi baada ya chai ndefu. Hao wanaingia mchana, wanapita ukanda wa magharibi bila kusimama popote, kwa sababu giza likiingia hairuhusiwi kuendesha.

Fanya hivi. Ondoka Mwanza saa 12 na nusu asubuhi, jaza mafuta Lamadi, fika getini saa 3, maliza karatasi, ingia saa 4. Unabaki na saa sita nzima hadi saa 10 jioni kufika Seronera ukiwa unasimama unapotaka. Lipia saa 48, lala usiku mbili. Siku ya pili yote ni ya mabonde ya Seronera na vilima vya mawe ambako chui na simba hupumzika. Siku ya tatu toka kambini alfajiri, zunguka kidogo, uwe Naabi kabla ya saa 4. Usiku mbili Serengeti zina thamani kuliko hifadhi nne za kupita mbio, na kwa hili sitanii. Mwenye siku nne achague hifadhi mbili.

Malipo yafanye mapema ukiwa bado mjini. Getini hawapokei pesa taslimu, unapewa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua muda wako unapotelea pale. Mtanzania abebe kitambulisho, bila hicho bei ya Afrika Mashariki haipati. Mwenye mgeni kutoka nje aangalie pia kama bei aliyotajiwa ina VAT ndani, kwa sababu viwango vinavyochapishwa mara nyingi havina kodi hiyo.

Ngorongoro ni mamlaka nyingine, ina kibali chake, hata kama unapita tu kwenda Karatu. Kushuka kreta, yaani lile shimo kubwa la Ngorongoro, kunalipiwa kwa gari, juu ya kiingilio cha watu, na hapo ndipo bajeti nyingi huchanika. Lala kambi ya Simba ukingoni, shuka kwa barabara ya Seneto geti likifunguliwa, panda kwa ile ya Lerai. Beba sweta zito. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Mwanza hutetemeka usiku kucha. Ukibakiwa na siku, ongeza Tarangire kiangazi, tembo wanapojazana mtoni.

Nakubali, upande wa Arusha una magari mengi zaidi ya paa la kufunguka. Ukikodi Mwanza kwa njia moja utalipia pia gari kurudi tupu. Lakini piga hesabu ya tiketi za ndege za watu sita kwanza.

Kati ya Machi na Mei tahadhari na udongo mweusi wa mbuga huku magharibi. Ukilowa hujaza mifereji ya tairi hadi tairi linateleza kama sabuni, na gari linakalia tumbo, hata likiwa la magurudumu manne. Waulize madereva siku moja kabla. Kama mvua imepiga siku mbili, zungukia Bunda uingilie geti la Ikoma. Beba koleo, tairi mbili za akiba, na kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki, maana bila ubao jeki ndiyo inayozama na gari linabaki pale pale. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, zinavuta mbung'o. Wakianza kuingia, funga vioo.

Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo msiibandike kwenye safari hii. Iko upande mwingine kabisa, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo ni safari yake yenyewe: Geita, Chato, kisha boti kutoka Kasenda. Boti iombwe hifadhini kabla hujaondoka Mwanza, na panga usiku mbili, kwa sababu sokwe wa kule wako msituni na siku ya kwanza wanaweza wasionekane.