Mashamba ya Newala na majirani ambao kanzidata haiwaoni

Ukiwauliza mafundi wa ramani namna ya kupata mashamba yanayopakana, wengi watakutajia amri ya ST_Touches. Imo ndani ya PostGIS, programu inayoiongezea PostgreSQL, yaani kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta), uwezo wa kuhifadhi na kuuliza maumbo ya ardhi. Kwa mashamba yetu ya korosho huku Newala na Tandahimba, mimi nasema isitumike kwa kazi hiyo.

ST_Touches hujibu ndiyo pale tu mipaka ya maumbo mawili inapokutana bila eneo la moja kuingia katika eneo la jingine. Sasa tazama mashamba yanavyopimwa kwetu. Mpimaji anashika GPS ya mkononi, anatembea na mwenye shamba kutoka mkorosho wa pembeni hadi mkonge ulioota kwenye kona. Kifaa hicho hukosea mita kadhaa, na chini ya mikorosho iliyofunga matawi hukosea zaidi. Baadaye anapimwa jirani, wanapita mpaka uleule, na mstari wa pili haulali juu ya ule wa kwanza. Hapa imeachana mita mbili, pale imeingiliana sentimita ishirini. Penye mwanya, kanzidata inasema hayagusani. Penye mwingiliano inasema vilevile hayagusani, maana eneo la moja limeshaingia la mwenzake. Watu waliorithi mashamba ya ubavu kwa ubavu kutoka kwa babu zao wanatoka kwenye jibu kama hawajuani.

Na orodha hiyo ndiyo inayoamua nani aitwe mpakani. Hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, haina nguvu mbele ya wanakijiji kama majirani hawakuukubali mpaka. Jirani aliyesahauliwa na kompyuta utakutana naye kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ana hasira, na ana haki ya kuwa nayo.

Wapo wanaoondoa tatizo kwa kuvuta mistari ikutane, kwa ST_Snap au ST_SnapToGrid, kisha wanauliza upya. Hilo nalipinga kabisa. Ukivuta mistari umehamisha mpaka ambao hakuna aliyekubali uhamishwe. Na ule mwanya wa mita mbili pengine si kosa la GPS hata kidogo, ni njia ya watu kwenda kisimani. Ukiuziba kwenye ramani, njia imekufa kwenye karatasi, na karatasi ndiyo itakayoletwa siku ya ugomvi.

Acha mistari ilivyo, ubadilishe swali. Uliza mashamba yaliyo karibu kwa umbali unaolingana na makosa ya kifaa chako:

SELECT a.id, b.id
FROM mashamba a JOIN mashamba b
ON a.id < b.id
AND ST_DWithin(a.umbo, b.umbo, 10);

Ile a.id < b.id inazuia shamba kujihesabu jirani wa nafsi yake, na kila jozi inatoka mara moja tu. Faharasa ya GiST, ile inayopanga maumbo kwa mahali yalipo, lazima uiweke: mashamba 2,000 yana jozi 1,999,000, na faharasa ndiyo inayoziacha mapema zile zilizo mbali. Ukiandika ST_Distance(a.umbo, b.umbo) < 10 jibu ni karibu lilelile, ila faharasa haitatumika na utasubiri.

Hiyo 10 ni mita ikiwa tu maumbo yako yamehifadhiwa kwa mita. Mtwara na Lindi ziko ukanda wa 37 kusini wa UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kwa hiyo namba 32737, inayoutambulisha ukanda huo kwenye kanzidata, inafaa. Data ikiwa bado na namba 4326, ile ya latitudo na longitudo, kipimo chake ni digrii, na digrii moja ni karibu kilomita 110. Weka hata 5 tu hapo, shamba la Newala litapakana na kiwanja cha Dar es Salaam.

Mashamba yanayokutana kwenye kona tu huwa yanachujwa, kwa hoja kwamba hayashiriki mstari. Mimi nayaacha. Kwenye kona ya mashamba manne alama ni moja, wenyewe ni wanne, na ukiing'oa bila mmoja wao umeanzisha kesi.

Jozi zikishapatikana, pima mwingiliano kwa ST_Area ya ST_Intersection, yaani ukubwa wa kipande kilichomo katika mashamba yote mawili, upange kuanzia mkubwa. Zile za juu ndizo za kurudi nazo shambani kwanza. Halafu tafuta mashamba yasiyo na jirani hata mmoja. Katikati ya kijiji kilichojaa mikorosho, shamba la namna hiyo karibu kila mara linamaanisha kuna mtu pembeni yake ambaye hajapimwa. Mara nyingi ni mjane, au kijana aliyeko mjini na shamba lake linatunzwa na mjomba. Hao watafutwe kabla hati yoyote haijachapwa.