Skinner au Rogers? Mvutano uliokuzwa katika tiba ya muziki

Wanafunzi wengi wa tiba ya muziki huingia chumba cha tiba wakiwa wamekwishachagua kambi. Kuna wanaoshika tabia na vipimo, wakimfuata mwanasaikolojia B. F. Skinner, na kuna wanaoshika utu na uhusiano, wakimfuata mwanasaikolojia Carl Rogers. Naona ugomvi huu umekuzwa kuliko ulivyo.

Chukua mtoto asiyezungumza, aliyekaa mbele ya ngoma. Anapiga mara moja, anaacha. Mtaalamu kwenye kinanda anamjibu kwa mdundo uleule. Mtoto anageuza kichwa, kisha anapiga tena, safari hii mara tatu. Mfuasi wa Skinner ataita huo uimarishaji chanya: pigo limefuatwa na sauti, na mapigo yameongezeka. Mfuasi wa Rogers ataona mtoto aliyepokelewa alivyo, bila masharti. Waasisi wa tiba ya muziki Paul Nordoff na Clive Robbins, walioanza kufanya kazi pamoja mwaka 1959, walijenga mbinu nzima juu ya kumfuata mtoto namna hii. Ila mikono ya mtaalamu imefanya kitu kilekile. Tofauti ni nani aliyeweka lengo, na nini kitaandikwa kwenye faili.

Kwenye faili, watu wa tabia wanashinda. “Alifurahi” ni maoni. “Alikaa kitini dakika nne bila kushikwa” kinaweza kuhakikiwa na mtu mwingine. Jayne Standley, mtaalamu wa tiba ya muziki wa Marekani, alitumia kanuni hiyo kwa watoto njiti: chuchu bandia yenye kitambuzi, mtoto akinyonya vya kutosha anasikia wimbo wa kubembeleza, akiacha wimbo unakoma. Hapo hakuna haja ya kukisia mtoto anawaza nini.

Dhana hizi za tabia pia humwokoa mtaalamu asijidanganye. Kijana anayechoshwa na kelele anarusha toazi, anatolewa nje “kuadhibiwa”. Wiki inayofuata anarusha tena. Bila shaka atarusha! Amepata alichotaka: kelele imeondoka. Huo ni uimarishaji hasi, ambao wanafunzi kila mara huuchanganya na adhabu, ingawa adhabu hupunguza tabia na uimarishaji, uwe chanya au hasi, huiongeza.

Upungufu wa mtazamo huu wa tabia huonekana panapo msiba. Mfiwa anasikia wimbo aliokuwa akiupenda marehemu, analia. Ukiandika lengo kuwa “kulia kupungue”, utalifikia, na huenda umemnyima maombolezo aliyokuja kuyafanya. Hapa urithi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, una la kusema, maana hujali yaliyozikwa ndani na hisia ambazo mteja humhamishia mtaalamu. Helen Bonny, mtaalamu wa tiba ya muziki, naye aliutumia muziki kuamsha taswira ambazo mteja huzisimulia akiwa macho, amejilaza ametulia. Mapigo ya ngoma unaweza kuyahesabu, lakini taswira za mfiwa utazihesabu vipi?

Aaron Beck, mwanzilishi wa tiba ya utambuzi inayochunguza fikra za mteja, yuko katikati ya kambi hizi. Mteja akitunga mshororo wa “mimi sifai kitu”, fikra yake iko wazi kwenye karatasi, tayari kuchunguzwa.

Wanaojificha nyuma ya Rogers ili wasipime chochote wakumbuke kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao vya tiba ili vichunguzwe. Ningependa Skinner afundishwe mapema, muhula wa kwanza, ila msimamizi akipokea ripoti yenye lengo lililopimika vizuri aulize kwanza: mteja alishirikishwa kulichagua?