Mkitaka ushirikiano na timu ya Korea, anzeni na ratiba

Kila dirisha la usajili la esports, michezo ya kompyuta ya kulipwa, likifunguliwa linatoka tangazo lilelile. Nembo mbili, moja ya klabu ya Ulaya au Marekani, nyingine ya klabu ya Seoul, katikati alama ya kuzidisha. Chini yake aya tatu za kubadilishana uzoefu, kukuza vipaji na kufungua masoko. Mashabiki wanashangilia kana kwamba kombe limeshafika. Soma mpaka nukta ya mwisho: hakuna idadi ya wiki za kambi, hakuna jina la kocha atakayehama, hakuna neno juu ya mkalimani, wala hujui timu hizo mbili zitacheza mechi ngapi za mazoezi. Linaniudhi hili, kwa sababu ushirikiano wa klabu za Korea na za nje si jambo la jana. Una zaidi ya miaka 15, na kilichofaulu na kilichoanguka vyote vinajulikana.

Turudi 2010, StarCraft II, gemu la vita la mtu kwa mtu, ikiwa imetoka tu. Team Liquid, klabu ya nje, iliafikiana na oGs, timu ya Seoul, na wachezaji wake kina Jinro na HuK wakahamia nyumba ya oGs. Hawakwenda kutembea. Walilala humo, wakala humo, wakafanya mazoezi kwenye kompyuta zilizopangwa ukuta mmoja na za Wakorea. Jinro akafika nusu fainali ya GSL, ligi kubwa ya Korea, mara mbili mfululizo, mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, ligi ambayo mgeni kuvuka raundi ya kwanza tu ilikuwa habari. HuK akachukua mashindano ya DreamHack ya kiangazi 2011.

Nyumba ilitoa kitu ambacho seva haitoi. Ukicheza mechi za kupanda daraja unakutana na mtu usiyemjua, kwenye ramani usiyoichagua, na hakuna mchezaji mkubwa atakayekuonyesha mbinu anayoiandaa kwa mechi ya televisheni. Ndani ya nyumba unamwambia mwenzako anayecheza Zerg, moja ya jamii tatu za gemu hilo: nifungulie vilevile, ramani ileile, mara kumi. Mnafika dakika ya sita, mnaacha, mnarudia. Kosa linasahihishwa likiwa bado la moto. Na siri haitoki nje, maana mnakula chungu kimoja.

Sasa linganisha na 2012. Evil Geniuses na Team Liquid waliunganisha nguvu, wakaingiza timu ya pamoja, EG-TL, kwenye Proleague ya Korea msimu wa 2012-13. Kwenye karatasi ilitisha: Stephano, TaeJa, HerO, kisha Jaedong mwenyewe kwa mkopo. Haikufika hata mchujo. Wengi husema wachezaji walikosa makali, na mimi sikubaliani nao. Proleague ilikuwa ligi ya maandalizi. Kwa sehemu kubwa ya msimu ulijua mapema utacheza na nani na kwenye ramani ipi, kwa hiyo ushindi ulitengenezwa siku kadhaa kabla ya mechi. Timu za KeSPA, chama cha esports cha Korea, zilikuwa na kikosi cha pili ndani ya nyumba, vijana ambao kazi yao kubwa ilikuwa kumwigiza mpinzani wa nyota wa timu. EG-TL haikuwa na kikosi hicho, na nyota wake walikuwa na mashindano ya Ulaya na Marekani ambayo wadhamini wao waliyahitaji. Mtu anatua Incheon, usingizi haujatulia, anaketi mbele ya kijana aliyerudia mechi hiyohiyo wiki nzima. Ratiba iliwashinda kabla ya mpinzani.

Ndiyo maana nikisikia siku hizi kwamba timu fulani ya League of Legends, gemu la watano kwa watano, imeingia ushirikiano na klabu ya LCK, ligi kuu ya Korea, swali langu la kwanza ni saa. Siku ya mazoezi ya Korea ina vipindi viwili: mchana kuanzia saa saba hivi, na jioni kuanzia saa moja. Kila kipindi mechi tatu, kisha kila mtu mechi zake za daraja mpaka saa nane usiku au zaidi. Piga hesabu. Kipindi cha saa tatu kwa mechi tatu ni saa moja kwa kila mechi. Kuchagua na kufungia mashujaa kunakula kama dakika 10, mechi yenyewe dakika 30. Zinabaki 20 za kukaa na kocha na kuuliza tulikosea wapi.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na hapo ndipo ushirikiano mwingi unapofia. Kocha Mkorea akizungumza, mkalimani akingoja amalize ndipo atafsiri, zile dakika 20 zinabeba maneno ya dakika 10. Mchezaji akiuliza, swali linasafiri kwenda na jibu linasafiri kurudi. Mechi ya pili imeshafika na nyie bado mko dakika ya nane ya mechi ya kwanza. Baada ya wiki moja kocha anaanza kufupisha. Anaacha kueleza sababu, anatoa amri tu. Wachezaji wanasema Wakorea wakali, Wakorea wanasema wageni hawasikii, na kumbe tatizo lilikuwa dakika kumi. Mkalimani asiyelijua gemu ndiye balaa zaidi, kwa sababu atatafsiri neno na kuacha maana.

Ndani ya mechi mkalimani hayupo kabisa. Sapoti wa adui, yaani msaidizi wa timu yao, ametumia Flash, uwezo wa kuruka ghafla, dakika ya 12:40. Flash inarudi baada ya sekunde 300 kama hana kitu cha kuipunguza, kwa hiyo mtu lazima aseme mara moja: sapoti, 17:40. Neno moja na namba. Asiyeweza kulisema hilo kwa lugha ya wenzake bila kufikiri, analinyamazia, na timu inaingia vitani kipofu. Juu yake weka heshima ya umri. Sisi tuliokuzwa kwa shikamoo tunaelewa upesi: kijana wa miaka 17 kumwamuru kaka wa miaka 25 arudi nyuma, tena kwa ukali, si jambo jepesi kwa Kikorea, lugha ambayo kitenzi chenyewe kinabadilika kulingana na unayezungumza naye. Kambi nzuri inalimaliza hili siku ya kwanza. Mnakubaliana maneno 40 au 50 mafupi, yasiyo na adabu wala utovu wa adabu, na yanatumika hata kwenye mechi za mazoezi zisizo na uzito.

Ushahidi upo. Wakorea Huni na Reignover walikwenda klabu ya Fnatic 2015, wakazungumza Kiingereza na wenzao, na kiangazi kile Fnatic ikamaliza msimu wa Ulaya 18-0, kisha ikafika nusu fainali ya dunia. Rookie, Mkorea mwingine, alihamia Invictus Gaming ya China kwa msimu wa 2015, akajifunza Kichina, akakaa. Ubingwa wa dunia ulikuja Novemba 2018, Incheon, nchini kwao, kwa 3-0 dhidi ya Fnatic hiyohiyo. Ubingwa uleule ukaja kwa Doinb na klabu ya FPX 2019. Kisha kwa Scout na Viper na klabu ya EDG 2021. Klabu za China hazikuhitaji nembo mbili zenye alama ya kuzidisha. Zilihitaji Wakorea wawili, ambao ndio kikomo cha wageni, na uvumilivu wa kuwangoja wazoee lugha.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kambi fupi kabla ya mashindano makubwa ina faida. Daraja la juu la seva ya Korea ni gumu, na mgeni peke yake hapati akaunti kirahisi kwa sababu usajili umefungwa kwenye utambulisho wa mkazi. Mwenyeji au mwandaaji ndiye anayekufungulia mlango. Lakini hesabuni siku kwa ukweli. Berlin na Seoul zinapishana saa saba majira ya kiangazi, na mwili hudai karibu siku moja kwa kila saa. Kambi ya wiki mbili imeshakatwa nusu. Halafu toleo la gemu: seva ya kawaida inasonga kwenye toleo jipya wakati mashindano yamebaki kwenye la zamani, kwa hiyo shujaa aliyekupandisha daraja wiki hii huenda hana kazi jukwaani. Na timu kubwa hazichezi mazoezi na timu ya kundi lao. Kama mshirika wako naye amefuzu, mkataba useme mazoezi yanasimama siku gani na rekodi za mechi ni za nani. Lisipoandikwa, mtanuniana katikati ya kambi, na kila upande utakuwa na haki yake.

Wapo wanaosema tutafanyia mazoezi mtandaoni, kila mtu kwao. Anayecheza kutoka Nairobi au Dar kwenye seva za Ulaya hahitaji kuelezwa kwa nini haiwezekani. Seoul na Berlin ziko zaidi ya kilomita 8,000. Mwanga ndani ya nyaya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata waya ungenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 80, na waya haunyooki. Mei 2022, kwenye MSI, mashindano ya kimataifa ya katikati ya msimu, huko Busan, RNG ya China walicheza wakiwa Shanghai, na ili haki itendeke timu zote zikawekewa milisekunde 35. Wachezaji walilalamika kwamba mikono inahisi tofauti. Ikagundulika vipimo havikuwa sawa, na mechi tatu za RNG zikarudiwa. Kama 35 zilivuruga mashindano makubwa, mtu asiniambie habari ya 200.

Fedha nazipitia haraka. SK Telecom ya Korea na Comcast Spectacor ya Marekani walitangaza ubia wa klabu ya T1 mwaka 2019, SKT ikabaki na sehemu kubwa ya hisa. Timu za Amerika zilizotokana na ubia huo zilikuja na kupita, ila timu ya League ya Seoul ilibaki na mizizi yake na kutwaa dunia 2023, 2024 na 2025. KSV, yenye mwanzo wake Marekani, iliinunua timu ya Samsung Galaxy mwisho wa 2017 mara tu baada ya ubingwa, ndiyo Gen.G ya leo. London Spitfire walichukua ubingwa wa kwanza wa Overwatch League, ligi ya gemu la Overwatch, 2018 kwa kikosi cha Wakorea watupu, vijana wa GC Busan na Kongdoo Panthera walioishi na kucheza Los Angeles. Ushindi ule ni halali kabisa. Lakini ule ni ununuzi wa timu nzima pamoja na lugha yake. Kwenye ushirikiano kila upande unabaki na chake, na ndiyo maana ni mgumu zaidi.

Limebaki la mikataba, na hili naliandika kwa uchungu. Julai 2011 EG, yaani Evil Geniuses, ilimsajili mchezaji PuMa kutoka TSL, timu ya Korea, na kelele zote zilizofuata zilitokana na jambo moja: timu za Korea wakati ule ziliishi kwa kuaminiana, bila karatasi. Miaka minane baadaye karatasi zilikuwepo, na zikawa mbaya zaidi. Kanavi, kijana ambaye kwa sheria ya Korea alikuwa hajafikia utu uzima wa miaka 19, alipelekwa JD Gaming ya China kwa mkopo kutoka Griffin, klabu ya Korea. Oktoba 2019 kocha aliyekuwa ameondoka, cvMax, alisema hadharani kwamba kijana alishinikizwa kukubali mkataba mrefu. Baada ya uchunguzi Griffin ilitozwa faini ya won milioni 100, na Kanavi akaachiwa huru. Mwaka uliofuata wizara ya utamaduni na michezo ya Korea ikatoa mikataba ya mfano, na wachezaji wenye umri mdogo wakazingatiwa humo. Kanavi mwenyewe alichagua kubaki JDG, akatwaa MSI 2023, na mwaka huohuo yeye na Ruler, wote wa JDG, wakawa miongoni mwa sita walioipa Korea dhahabu ya Michezo ya Asia huko Hangzhou.

Kwa hiyo klabu inayomtaka kijana wa Kikorea ianze na haya. Muda wa mkopo uwe na tarehe ya mwisho. Ada ya kuvunja mkataba iandikwe kwa tarakimu. Umri wa jeshi ujulikane, kwa sababu mwanaume aliyefika miaka 25 bila kutumikia anahitaji kibali cha kusafiri nje ya nchi, na kibali hakingoji ratiba ya ligi. Nakala ya Kikorea iwepo, na isemwe ni nakala ipi inayotawala zikipishana. Na mzazi apewe siku za kutosha aisome na mwanasheria asiyelipwa na klabu yoyote kati ya hizo mbili, kabla kalamu haijatolewa.